Nyuzi Tatu Zilizopotea Tangini

Mwanafunzi aliyefika kidato cha tatu amekwisha kufundishwa kanuni mbili za joto. Ya kwanza yasema kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika sura tu. Ya pili yasema kwamba joto, likiachwa lijiendee, hutoka penye moto kwenda penye baridi, wala halirudi nyuma kwa hiari yake. Kanuni hizi hukaririwa darasani, hujibiwa katika mtihani, kisha aghalabu husahauliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fundi aikumbukaye ile ya kwanza na kuisahau ile ya pili aweza kufunga mtambo usio na kosa hata moja katika hesabu ya nishati, na papo hapo mtambo huo ukamtoza mwenye nyumba gharama isiyo ya lazima kila siku ya majira ya baridi.

Mfano wangu unatoka Ulaya, kwa kuwa huko ndiko wanakopasha nyumba joto kwa miezi mingi ya mwaka. Lakini kanuni za maumbile hazina uraia, na funzo lililomo lafaa kwa kila anayetazamia kushika spana au chaki.

Barua kutoka ugenini

Binti wa kaka yangu ni muuguzi kaskazini mwa Uingereza. Miaka miwili iliyopita, katika nyumba anayoishi, tanuri la gesi liliondolewa na pampu ya joto ikafungwa mahali pake. Aliahidiwa kwamba kila uniti moja ya umeme ingemletea karibu uniti nne za joto. Majira ya baridi yalipokwisha aliniandikia kwa masikitiko: "Baba mdogo, ninyi mliosomea fizikia nielezeni. Bili imepanda, sebule inatutoa jasho, na mtoto chumbani kwake analala na soksi." Majirani walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba pampu za joto ni ulaghai mtupu, na yeye alikuwa karibu kusadiki.

Sikumjibu mara moja. Nilimwomba kwanza anichoree jinsi mabomba yalivyopita. Mchoro ulipofika niliona kwamba kati ya mtambo na vyumba mafundi walikuwa wameweka tangi dogo lenye midomo minne. Mdomo mmoja hupokea maji ya moto kutoka kwenye mtambo. Wa pili huyatoa kwenda kwenye rejeta za ukutani, zile sahani za chuma zinazopasha vyumba. Wa tatu huyapokea yakirudi kutoka vyumbani. Na wa nne huyarudisha mtamboni. Upande wa mtambo una pampu yake ya kusukuma maji, na upande wa vyumba una pampu nyingine. Nitaliita tangi hili tangi la kati.

Kisha nikamwomba anunue vipimajoto vinne vya bei ndogo, avifunge kwa utepe juu ya mabomba hayo manne, na kusoma vyote kwa wakati mmoja siku ya baridi. Majibu yake yalikuwa haya. Halijoto ya nje ilikuwa nyuzi 2 za Selsiasi. Maji yaliyotoka mtamboni kuingia tangini yalikuwa na nyuzi 45. Maji yaliyotoka tangini kwenda vyumbani yalikuwa na nyuzi 42. Maji yaliyorudi kutoka vyumbani yalikuwa na nyuzi 36, na yale yaliyorudi mtamboni vivyo hivyo. Kioo cha mtambo kilionyesha kwamba lita 12 zilipita ndani yake kila dakika.

Tangi halikuvuja, na lilikuwa limevishwa koti nene la kuzuia joto. Je, zile nyuzi 3 zilikwenda wapi?

Jokofu lililogeuzwa

Kabla ya kujibu, yafaa tuelewe mtambo wenyewe. Weka kiganja chako nyuma ya jokofu utahisi uvuguvugu. Joto hilo limetolewa ndani ya jokofu, kwenye maziwa na nyama, likatupwa nje. Pampu ya joto ni jokofu lililogeuzwa: hupoza hewa ya uani na kulileta joto lake ndani ya nyumba. Ndani ya mtambo mna kimiminika ambacho huchemka hata katika baridi. Kikiwa upande wa nje huvuta joto la hewa na kuwa mvuke. Kompresa huushindilia mvuke huo mpaka halijoto yake inapanda kupita ile ya maji ya nyumba. Mvuke hulitoa joto lake kwa maji, hurudi kuwa kimiminika, hupita kwenye tundu jembamba ambako shinikizo na halijoto hushuka, na safari huanza upya. Umeme hautumiki kuumba joto; hutumika kulipandisha kutoka mahali pa chini hadi mahali pa juu, kama mchota maji apandishavyo ndoo kutoka kisimani.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alieleza jinsi mtambo wa namna hiyo ungeweza kupasha majengo joto kwa nishati ndogo kuliko ya kuchoma makaa moja kwa moja. Mwaka 1938 jumba la baraza la mji wa Zürich, nchini Uswisi, lilianza kupashwa joto lililovutwa kutoka katika maji ya mto Limmat. Mwaka 1945 mhandisi John Sumner alifanya hivyo katika mji wa Norwich, Uingereza, akitumia maji ya mto Wensum. Siku hizi Norwei, Uswidi na Ufini, nchi zenye baridi kali, ndizo zilizo mbele katika Ulaya kwa wingi wa pampu za joto zikilinganishwa na idadi ya nyumba. Mwenye kudai kwamba mtambo huu haufai penye baridi na awaulize watu wa huko.

Lakini mchota maji hujua kwamba kisima kikiwa kirefu, ndoo huwa nzito kwa mikono. Vivyo hivyo, kadiri halijoto ya maji tunayoyataka inavyozidi ile ya nje, ndivyo umeme mwingi zaidi unavyohitajiwa. Mfaransa Sadi Carnot aliweka msingi wa hesabu hiyo mwaka 1824. Kwa kipimo cha Kelvin, chukua halijoto ya maji, uigawe kwa tofauti kati yake na halijoto ya nje. Jibu ni kikomo ambacho hakuna mtambo utakaokipita. Kwa maji ya nyuzi 45 na hewa ya nyuzi 2, tunagawa 318 kwa 43 na kupata 7.4. Kwa maji ya nyuzi 42 tunagawa 315 kwa 40 na kupata 7.9. Kwa maji ya nyuzi 38 tunagawa 311 kwa 36 na kupata 8.6. Mitambo halisi aghalabu hufikia nusu hivi ya kikomo hicho, au pungufu kidogo. Lakini uwiano kati ya majibu haya hubaki karibu uleule.

Hesabu ya maji

Sasa turudi tangini. Kila dakika mtambo hupasha lita 12 za maji kutoka nyuzi 36 hadi 45, yaani kwa nyuzi 9. Tukizidisha 12 kwa 9 tunapata 108. Joto hilo lote hufika vyumbani, kwa kuwa tangi halipotezi kitu cha kutajwa. Lakini vyumbani maji hupoa kwa nyuzi 6 tu, kutoka 42 hadi 36. Gawanya 108 kwa 6, utapata 18. Basi pampu ya pili inasukuma lita 18 kila dakika, ilhali mtambo unatoa lita 12 tu.

Lita 6 zilizozidi zinatoka wapi? Hazina pa kutoka ila katika maji yaliyorudi kutoka vyumbani, ambayo yamekwisha kupoa. Ndani ya tangi, lita 12 zenye nyuzi 45 huchanganyika na lita 6 zenye nyuzi 36. Mwanafunzi apige hesabu: 540 kujumlisha 216 ni 756, gawanya kwa 18, utapata 42. Hizo ndizo nyuzi 3 zilizopotea. Hazikuvuja wala hazikuibwa. Zimezimuliwa, kama mtu achemshaye chai kisha akaimiminia maji baridi kabla ya kuinywa.

Hapa ndipo kanuni ya kwanza inapomdanganya asiyeikumbuka ya pili. Fundi atasema, na kwa haki kabisa, kwamba hakuna joto lililopotea: kilowati 7.5 zimeingia tangini na kilowati 7.5 zimetoka. Ni kweli. Lakini joto la nyuzi 45 na joto la nyuzi 42 si mali moja, kwa kuwa la kwanza limenunuliwa kwa umeme mwingi zaidi. Kiasi ni kilekile, ubora umepungua, na ubora huo ndio uliolipiwa. Mtambo wa jamaa yangu ulikuwa ukitengeneza maji ya nyuzi 45 ili vyumba vipate maji ya nyuzi 42. Kwa hesabu yetu, kosa hilo huongeza matumizi ya umeme kwa asilimia 6 hivi. Mtambo ukifikia nusu ya kikomo cha Carnot, hizo ni kama uniti 3 katika siku moja yenye baridi ya namna ile. Pampu ya pili nayo, ikiwa ni ya wati 45 na ikifanya kazi mchana na usiku, hula uniti 1 nyingine.

Tena mfano huu si mbaya kupita yote. Ikiwa maji yanavurugika ndani ya tangi hata halijoto yake ikawa moja juu na chini, vyumba havitapata kamwe maji yenye moto kuliko yale yanayorudi mtamboni, na kazi yote ya kuyapandisha juu ya hapo itakuwa imezimuliwa. Na kama ni pampu ya upande wa vyumba iliyo dhaifu kuliko ya mtambo, kosa hugeuka: maji ya moto hurudi mtamboni kabla ya kutumika, na maji machache yafikayo vyumbani hayana budi kuwa na moto zaidi ili yapeleke joto lilelile.

Chumba cha mwisho

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huu ni kusawazisha mkondo wa maji. Kila aliyesoma katika shule yenye bomba moja refu la maji anaujua ugonjwa wenyewe. Koki zilizo karibu na tangi la shule hutoka kwa kishindo, na koki iliyo mwisho wa bweni hudondoka tone tone. Maji hufuata mkondo, na mkondo hufuata njia iliyo nyepesi. Katika nyumba ya jamaa yangu, rejeta ya sebuleni ilikuwa karibu na tangi, nayo ilijinyakulia maji mengi. Rejeta ya chumba cha mtoto ilikuwa mwisho wa bomba, ikapata masalio. Yeye, kwa huruma ya mzazi, alikuwa amepandisha halijoto ya mtambo mzima ili mtoto apate joto. Na sebule ilipozidi kuwa moto, akafungua dirisha.

Hivyo ndivyo chumba cha mwisho kinavyoamua gharama ya nyumba nzima. Mkondo ukiwa haukusawazishwa, maji yote hupashwa kwa kiwango kinachohitajiwa na chumba kilichopunjwa. Kusawazisha hakuhitaji kifaa kipya. Kila rejeta ina koki ndogo upande mmoja, aghalabu imefunikwa kofia ya plastiki. Fundi huziacha wazi kabisa koki za rejeta za mbali, huzibana kidogo zile za karibu, husubiri saa kadhaa, kisha hupima tena. Vyumba vyote vikifikia joto linalotakiwa kwa pamoja, ndipo halijoto ya mtambo hushushwa nyuzi moja moja mpaka kufikia ile ya chini kabisa inayotosha. Ikiwa chumba kimoja kinabaki na baridi ingawa kinapata maji ya kutosha, rejeta yake ni ndogo mno. Na ibadilishwe hiyo moja, badala ya kuutesa mtambo mzima.

Hoja za mafundi

Si haki kuwahukumu mafundi bila kuwasikiliza. Wengi wao walijifunza kazi katika zama za tanuri la gesi. Tanuri hilo lilitengeneza maji ya nyuzi 70, yakarudi na nyuzi 50. Kwa nyumba inayohitaji kilowati 8, lita 6 hivi kwa dakika zilitosha. Pampu ya joto, ambayo maji yake hupoa kwa nyuzi 5 tu vyumbani, huhitaji karibu lita 23 kwa dakika kwa joto lilelile. Fundi anapoogopa kwamba mabomba hayatapitisha maji hayo, huweka tangi la kati ili mtambo upate mkondo wake hata kama vyumba havipati. Hoja hii ina uzito. Ila dawa yake ni kupima mabomba kwanza. Yakitosha, tangi la kati halina kazi. Yasipotosha, fundi ajue ni kipande kipi kinachobana kabla ya kukificha nyuma ya tangi.

Hoja ya pili ni barafu. Siku za baridi yenye unyevu, barafu huganda juu ya mapezi ya mtambo ulio nje, na ili kuiyeyusha mtambo hugeuza safari yake kwa dakika chache na kuazima joto la maji ya nyumba. Maji yakiwa machache mno, hupoa kupita kiasi. Hoja ya tatu ni kuwaka na kuzima. Vyumba vingi vikifungwa, mtambo hukosa pa kupeleka joto, huzima, huwaka tena baada ya dakika chache, na hivyo kujichosha. Hoja zote mbili ni za kweli, na zote zadai maji zaidi katika mzunguko. Lakini kuongeza maji si lazima kuwe kuyachanganya. Tangi lenye midomo miwili tu, likiwekwa kwenye bomba linalorudi mtamboni, huongeza akiba ya maji ilhali mkondo unabaki mmoja: lita zitokazo mtamboni ndizo zifikazo vyumbani, na nyuzi ni zilezile. Kadhalika, vyumba vikiachwa wazi badala ya kufungwa kila mara, maji ya rejeta zote huwa akiba, na mtambo huenda taratibu siku nzima. Kwa mtambo huu, pole pole ndio mwendo.

Zipo nyumba ambazo tangi la kati ni la lazima: zile kubwa zenye mitambo kadhaa, au zenye mabomba yenye ukinzani ambao pampu ya mtambo haiwezi kuushinda. Hata humo, mikondo ya pande mbili sharti ilinganishwe kwa kupimwa. Basi maoni yangu ni haya: tangi la kati lisifungwe kwa mazoea. Lifungwe pale tu ambapo fundi amepiga hesabu, akaonyesha kwa nini mkondo mmoja hautoshi, na akamwachia mwenye nyumba vipimo vya halijoto vya mabomba yote manne. Asiyeweza kufanya hivyo hajatatua tatizo. Amelifunika kwa chombo.

Jamaa yangu alimpata fundi mwingine, mtu mwenye subira. Tangi halikutupwa, lilibadilishwa likawa la midomo miwili kwenye bomba la kurudi, na pampu ya pili ikaondolewa. Rejeta zilisawazishwa kwa siku mbili. Leo, siku yenye baridi kama ile, mtambo hutoa maji ya nyuzi 38 badala ya 45, na kwa hesabu ya Carnot hilo peke yake hupunguza umeme kwa asilimia 14 hivi. Bili haikuwa nusu, wala sikumwahidi muujiza. Lakini mtoto amevua soksi, na majirani wameanza kuuliza maswali.

Neno kwa walimu

Ndugu walimu, sisi hatupashi nyumba zetu joto kwa mabomba. Hata hivyo majengo makubwa ya miji yetu, yenye kupozwa kwa maji ya baridi yazungukayo mabombani, yanatawaliwa na hesabu hiyohiyo: maji yaliyopozwa kwa gharama yakichanganyika na yale yaliyokwisha kutumika, umeme unapotea. Vijana mnaowafundisha ndio watakaoitunza mitambo hiyo.

Yatosha ndoo mbili, beseni na kipimajoto kimoja. Wanafunzi wachanganye maji ya moto na ya baridi, wakadirie jibu kabla ya kupima, na kuona kwamba hesabu inatoka sawa. Kisha waulizwe swali ambalo vitabu vyetu huliruka mara nyingi: ikiwa hakuna joto lililopotea, mbona hatuwezi kuyatenganisha tena maji haya bila kufanya kazi? Mwanafunzi atakayetaabika na swali hilo mpaka alielewe hatadanganywa na tangi lolote, liwe la Ulaya au la hapa kwetu.